RAM za 3200 zinasoma 2133 kwenye Ryzen 5 3600: niziseti vipi bila mashine kugoma kuwaka?

Kibatari
Wakuu, habari zenu. Mashine ni Ryzen 5 3600, bodi ya B450 yenye sloti nne, RAM mbili za DDR4 GB 8 kila moja. Stika imeandikwa 3200, CL16-18-18-38, 1.35V. Nimezichomeka sloti ya kwanza na ya pili kuanzia upande wa prosesa.

CPU-Z (programu ya kusoma vipimo vya mashine) kwenye kichupo cha Memory inaonyesha DRAM Frequency 1066, na Channel imeandikwa Single. Task Manager inasema 2133. Nimeingia BIOS (menyu ya bodi inayofunguliwa kabla ya Windows) nikaweka 3200 kwa mkono, mengine nikayaacha Auto. Nikihifadhi, feni zinazunguka, skrini nyeusi, inajizima na kujiwasha mara tatu, kisha inarudi 2133.

Je, nimeuziwa RAM feki? Kama si feki, niguse namba zipi na kwa mpangilio gani?

Nyundo_Ndogo
Mkuu, dalili hizo si za RAM feki. Hiyo 1066 ni mapigo ya saa. DDR hupitisha data mara mbili kwa kila pigo, linapopanda na linaposhuka, ndiyo maana 1066 inaitwa 2133. Ukiona 1600 pale, umefika 3200. Kuhakikisha, fungua kichupo cha SPD (vipimo vilivyohifadhiwa ndani ya RAM), chagua sloti yenye RAM, tazama jedwali la chini. Ukikuta safu ya XMP-3200 (XMP ni vipimo vya kasi alivyoweka mtengenezaji wa RAM) yenye 16-18-18 na 1.350 V, RAM inajitambulisha sawasawa na stika yake.

Kwa nini iko 2133? Kila RAM ina chipu ndogo iliyobeba vipimo vyake. Bodi ikiwaka bila maelekezo, inachukua vipimo vya kawaida vya JEDEC (shirika linaloweka viwango vya RAM), vya volti 1.2, ambavyo mashine yoyote ya DDR4 itavimudu. Ile 3200 ya kwenye stika ni profaili ya XMP, na hiyo haijiwashi yenyewe. Wewe uliandika 3200 ukaacha volti na taimingi (zile 16-18-18-38, mapigo ambayo RAM inasubiri) Auto, bodi inaweza kubaki kwenye 1.2 huku RAM inataka 1.35. Hapo ni rahisi igome.

Lakini kosa kubwa liko kwenye sloti. Kwenye bodi nyingi za sloti nne, kuanzia upande wa prosesa ni A1, A2, B1, B2. Wewe umeweka zote mbili kwenye chaneli A (chaneli ni njia ya data kati ya RAM na prosesa), chaneli B imekaa bure. Piga hesabu: 2133 chaneli moja ni takriban GB 17 kwa sekunde. 3200 chaneli mbili ni GB 51.2. Unatumia theluthi moja ya ulichokilipia.

Zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde 10 umeme uliobaki uishe. Hamishia RAM sloti ya pili na ya nne, yaani A2 na B2 (thibitisha kwenye kitabu cha bodi yako). Pengo la RAM likae sawa na kinundu cha sloti, kandamiza ncha zote mbili mpaka usikie "ta". Si sloti ya kwanza na ya tatu! Bodi nyingi za daraja hili zimechorwa waya unaopita A1 kwanza kisha unaishia A2. Ukiweka RAM A1 peke yake, kipande cha waya kinachoendelea hadi A2 kinabaki wazi, mawimbi yanagonga mwisho na kurudi, na kwenye 3200 hiyo inatosha kuharibu usomaji.

Ukiwasha, bonyeza Delete, rudisha BIOS kwenye hali ya kiwandani, kisha washa profaili. MSI wanaiita A-XMP, ASUS ni D.O.C.P., Gigabyte ni X.M.P., ASRock ni Load XMP Setting. Kabla ya F10 (kuhifadhi) hakikisha kumeandikwa 3200, 16-18-18-38, 1.35 V, na FCLK (saa ya njia ya ndani ya prosesa) 1600. Halafu tulia. Bodi itaizoesha RAM kasi mpya, skrini inaweza kuwa nyeusi hata dakika nzima na mashine kujiwasha upya mara mbili. Wengi huchomoa waya hapo hapo, na kazi inaanza upya.

mtambaa_waya
Naongezea kwa alichosema Nyundo.

FCLK ni saa ya njia inayounganisha viini vya Ryzen na kidhibiti cha RAM. Kwa Ryzen 5 3600 yako inatakiwa iende moja kwa moja na saa ya RAM: RAM 1600, FCLK 1600. Utaratibu huo unakubali bila shida hadi RAM za 3600. Ukizidisha hapo, bodi ikiachwa Auto hushusha kidhibiti kwenye nusu ya saa ya RAM, na namba kubwa uliyoiweka inakupa ucheleweshaji mkubwa zaidi. Kwa hiyo usitamani 4000 kwa prosesa hiyo.

Kuhusu taimingi, watu hutazama CL (ile namba ya kwanza) peke yake wakidhani 15 ni bora kuliko 16. CL inahesabiwa kwa mapigo, si kwa muda. Chukua CL, zidisha kwa 2000, gawanya kwa kasi. 2133 CL15 ni nanosekunde 14. 3200 CL16 ni 10. 3600 CL18 nayo ni 10 kamili.

Ukija kubana taimingi kwa mkono, kumbuka Gear Down Mode (mpangilio wa BIOS unaolegeza saa ya amri za RAM) ikiwa imewashwa haikubali CL ya witiri: ukiandika 15 utapewa 16. Iache imewashwa, inasaidia utulivu. tRFC na taimingi nyingine ndogo ziache Auto.

Mashine ikigoma kabisa kurudi, zima, chomoa waya, tafuta pini mbili zilizoandikwa CLR_CMOS au JBAT1, ziunganishe kwa ncha ya bisibisi kwa sekunde 5 hadi 10. Usipoziona, toa betri ya CR2032 dakika chache. Na kama baada ya umeme kukatika saa inapotea na RAM inarudi 2133 kila mara, usihangaike na XMP, badilisha hiyo betri.

Usisasishe BIOS wala kuinstall Windows wakati bado unajaribu kasi mpya. Rudi 2133 kwanza. RAM inayokosea biti moja katikati ya kuandika BIOS inaweza kukuachia bodi mfu.

Pwani_07
Samahani kwa kuingilia. Mimi nina i5-10400 kwenye bodi ya H410, RAM nazo ni 3200 CL16. XMP imewashwa ila haipandi zaidi ya 2666. Sloti ziko mbili tu na zote zimejaa.

Nyundo_Ndogo
Pwani, hapo huna kosa la kurekebisha. i5 ya kizazi cha 10 kwenye H410, B460 au H470 imefungwa 2666. Z490 ndiyo ingekuruhusu kupanda. Unachoweza kufanya, kama BIOS yako inaruhusu taimingi kwa mkono, ni kubana: RAM inayoweza 16-18-18-38 kwenye 3200 inahitaji muda ule ule wa nanosekunde kwenye 2666, na hiyo ni 14-15-15-32 kwa volti 1.35. Ucheleweshaji utakaribia wa 3200, upana wa njia tu ndio utapungukiwa.

Kibatari
Nashukuru sana wakuu. Nimehamishia A2 na B2, nimewasha A-XMP, imechukua kama sekunde 40 ikawaka. CPU-Z sasa: 1599, Dual, 16-18-18-38. Windows inafunguka vizuri. Ila nimeweka MemTest86 (programu ya kupima RAM) kwenye flashi, pasi (mzunguko) ya tatu imeleta makosa 2. Yanavumilika?

mtambaa_waya
Hapana mkuu, hata kosa 1 halivumiliki. Windows kufunguka si ushahidi. Biti iliyogeuka inaandikwa kwenye diski pamoja na faili lako, na hutajua mpaka picha au faili la kazi ligome kufunguka miezi mingi baadaye.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati, na baada ya kila badiliko rudia MemTest86 pasi zote nne. Ni saa kadhaa kwa GB 16, hivyo ianzishe ukienda kulala, na UPS kama umeme wa kwenu unayumba.

Kwanza volti ya RAM ipande kutoka 1.35 hadi 1.37. Makosa yakibaki, tazama volti ya SoC, hiyo ndiyo inayolisha kidhibiti cha RAM ndani ya prosesa. Ikiwa chini ya 1.0, weka 1.05, na usivuke 1.1. Bado? Shusha kasi hadi 3066, kisha 2933, FCLK ishuke nayo: 1533, kisha 1467. Tofauti ya 2933 na 3200 kwenye kazi za kawaida hutaihisi.

Nyundo_Ndogo
Na kabla ya kushusha kasi, jaribu RAM moja moja, kila moja ikae A2 peke yake, XMP imewashwa. Zote zikipita, tatizo ni kidhibiti kubeba mbili kwa pamoja, endelea na hatua za mtambaa_waya. Ikianguka moja tu, irudishe 2133 kwa volti 1.2 uipime tena. Ikikosea hata hapo, imekufa, irudishe dukani ndani ya waranti. Ikipita 2133 lakini ikaanguka 3200, bado una haki ya kubadilishiwa, maana 3200 ndiyo iliyoandikwa kwenye stika. Warudishie zote mbili, upewe jozi nyingine ya pakiti moja.