Ridi za klarineti ya besi, niko Mtwara, naomba ushauri

Mpuliza Shangani
Wakuu habari za jioni. Bendi yetu ya kanisa hapa Mtwara mjini imepata klarineti ya besi, imetumika ila bado nzima, shida ridi zilizokuja nayo (vile vipande vyembamba vya tete vinavyotetema ukipuliza) ni za kampuni ya Vandoren namba 4, namba ikipanda ridi ni ngumu zaidi, napuliza mpaka mashavu yanauma inatoka hewa tupu, noti za chini zinakuja kwa mbali nikipanda juu inapiga kelele. Klarineti ya kawaida nimezoea namba 3. Nataka kuagiza Dar ila ridi za besi naambiwa hamna, za saksafoni ya tena ndo zipo. Zitafaa? Na nichukue namba ngapi? Hela ni mchango wa wanakwaya sitaki kukosea.

Tena wa Lindi
Kaka hiyo 4 weka pembeni, anza na 2 au 2.5. Za tena zinafaa, mimi mwenyewe napigia besi mwaka wa tatu huu, upana karibu sawa, ukifunga angalia tu kingo zisitokeze nje ya mautipisi, ile sehemu ya kuweka mdomoni. Mautipisi ikiwa na uwazi mkubwa kule nchani ridi iwe laini, ikiwa imebana unaweza ukafika 3. Alafu namba za kampuni hazilingani, Rico 3 inakaribiana na Vandoren 2.5.

Mama Besi
Mwanangu kabla hujatuma hela kagua pedi, vile vifuniko vinavyoziba matundu ya klarineti. Besi ikivuja hata pedi moja noti za juu zinapiga kelele, utailaumu ridi bure. Weka karatasi ya sigara chini ya pedi, funga, ivute taratibu, ikitoka kirahisi hapo panavuja. Na huku kwetu pwani unyevu ni mwingi, ukifungia ridi mbichi kwenye boksi inaota ukungu, masika nimewahi kutupa boksi zima na niliumia sana. Ifute, iache ikauke, na uwe nazo tatu nne za kubadilishana usiichoshe moja.

Mpuliza Shangani
Mama asante, nimejaribu sasa hivi, pedi moja ya juu karatasi imetoka yenyewe. Kesho kwa fundi. Vipi hizi za plastiki, Légère?

Tena wa Lindi
Nzuri, unyevu hauzisumbui wala huloweki, ila moja tu bei yake inakaribia boksi zima la za matete, ukikosea namba imekula kwako. Ijue namba yako kwanza.

Mpuliza Shangani
Sawa kaka. Kuna dada wa kwaya anapanda basi la Dar alfajiri, namwagiza za tena, mbili za 2 na mbili za 2.5.