Bastola ikikwama, nifanyeje mazoezi bila kuhatarisha mtu?

Wa_Nyamagana: Habari zenu wakuu. Namiliki Glock 19 kwa leseni, kwa ajili ya ulinzi wa duka. Juzi kwenye uwanja wa shabaha ganda tupu la risasi lilibanwa wima kwenye slaidi, kile chuma cha juu kinachokwenda nyuma na mbele, nikabaki nimeduwaa mpaka msimamizi akaja. Nataka mikono izoee kuikwamua. Je, nyumbani inafaa? Nina watoto wadogo.

Mkufunzi_Mstaafu: Mkuu, nimefundisha silaha muda mrefu. Bastola kukwama hakunitishi. Kinachonitisha ni mwenye nayo kuigeuza ili aichungulie. Hapo mtutu unahamia tumboni kwake au kwa jirani, na kidole bado kipo kwenye kifyatulio. Anza na hilo: ikigoma, kidole kinatoka na kunyooka ubavuni mwa bastola, mtutu unabaki ulipokuwa. Rudia hadi ufanye bila kufikiri.

Nyumbani inafaa, kwa risasi bandia tu, za plastiki au alumini zenye rangi kali. Kuhakikisha ni tupu, chomoa magazini kwanza, ndipo ukoki, yaani uvute slaidi nyuma na kuiachia. Ukikoki magazini ikiwa ndani, unaingiza risasi nyingine chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa. Iangalie chemba kwa macho, kisha uipapase. Risasi halisi zifungie chumba kingine, watoto wasiwepo kabisa. Mtutu uelekee ndoo iliyojaa mchanga, maana risasi ya milimita 9 inapita mlango wa mbao na dari bila shida.

Ganda lako lile liigize: weka magazini yenye bandia, vuta slaidi kidogo, chomeka ganda tupu pale maganda yanapotokea, achia. Sasa gonga kitako cha magazini kwa kiganja, vuta slaidi hadi mwisho, iachie irudi yenyewe. Usiisindikize kwa mkono.

Risasi mbili zikigombea chemba, kugonga hakusaidii. Fungia slaidi nyuma, ng'oa magazini, koki mara mbili tatu zidondoke, rudisha magazini, koki tena.

Dada_Shabaha: Ukienda uwanjani, mwombe msimamizi akujazie magazini, achanganye bandia moja au mbili bila wewe kujua zilipo. Faida ya pili ni kwamba ukifikia bandia utaona kama mtutu unainama kabla ya mlio. Mimi huko ndiko nilikogundua kwa nini risasi zangu zilikuwa zinapiga chini.

Wa_Nyamagana: Asanteni sana. Ila risasi halisi ikilia "tik" tu, nigonge na kukoki papo hapo?

Mkufunzi_Mstaafu: Uwanjani, hapana. Shikilia mtutu kwenye shabaha sekunde 30, maana baruti inaweza kuchelewa kuwaka. Kisha chomoa magazini na uitoe hiyo risasi, kiganja kisizibe pale inapotokea. Kugonga na kukoki haraka ni kwa mtu anayepigania uhai wake, ndiyo maana tunajizoeza kwa bandia.

Na ukisikia "puf" dhaifu badala ya mlio, simama hapo hapo, hata kama slaidi imerudi vizuri. Huenda kichwa cha risasi kimebaki ndani ya mtutu, na risasi ya pili itaupasua. Ondoa risasi zote, fungua bastola, tazama mtutu ukiwa umeshatolewa. Ukiona umeziba, mpelekee fundi wa silaha.

Risasi yako ya ulinzi nayo usiiingize na kuitoa chembani kila jioni. Kichwa hudidimia ndani ya ganda, na shinikizo hupanda siku utakayoifyatua. Ukiiona fupi kuliko wenzake, itenge.