Maili 119, akagonga, akashuka, akaondoka zake. Leo kapewa siku 30!

Mzee wa Trela (Dallas)

Wakuu, nimeegesha lori sasa hivi, hata buti sijavua. Nimefungua simu nikakutana na habari ya yule jamaa. Ni Rashee Rice, mnamjua wote, yule mdaka mipira wa Kansas City Chiefs, timu ya futiboli ya Kimarekani. Hukumu imetoka leo, tarehe 17 Julai 2025. Siku 30. THELATHINI! Na hizo siku 30 zenyewe anaruhusiwa kuzitumikia wakati wowote ndani ya miaka 5 ya uangalizi. Jela ya kulipa kidogokidogo! Mashtaka yalikuwa 8, amekiri 2, na akimaliza hiyo miaka 5 bila kosa kesi inafutwa.

Kwa mliokuwa mmelala: ni Jumamosi ya kuamkia Pasaka, tarehe 30 Machi 2024, hapa kwetu barabara ya 75, Central Expressway, jua bado linawaka. Barabara yenyewe anaijua, maana chuo alichochezea kiko ubavuni mwake. Yeye yuko kwenye Lamborghini Urus, mwenzake kwenye Corvette, wanashindana katikati ya watu wanaotoka sokoni. Maili 119 kwa saa. Kwa nyie wa nyumbani hizo ni kilomita 191. Kila sekunde gari linameza mita 53. Ukipiga chafya umeshamaliza nusu ya uwanja wa mpira, na hujasema Alhamdulillahi. Lile gari lingekuwa na mabawa lingetua Oklahoma!

Magari sita yakaingia kwenye hiyo ajali. Watu wameumia, na moja ya makosa aliyokiri leo lina maneno "jeraha kubwa la mwili" ndani yake.

Halafu WAKASHUKA WAKAONDOKA.

Hapo ndipo damu yangu inapochemka. Kuna kamera ya gari la mtu mwingine ilirekodi, dunia nzima imeona. Vijana wanatoka kwenye magari, wanatembea taratibu kando ya barabara kama abiria walioteremka daladala kituoni kwao. Polisi wameandika wazi kwamba waliondoka bila kuangalia kama kuna anayehitaji msaada. Mtu analipwa mamilioni kwa ajili ya mikono yake! Mipira inayopita juu ya vichwa vya watu wawili anaidaka, mlango wa gari la aliyemgonga ukamshinda kufungua? Angalau uliza basi: "Mama, u mzima?" Maneno matatu. Wakashuka, wakaondoka.

Mimi nikikutwa nimezidisha maili 15 na hili lori, mara mbili ndani ya miaka 3, leseni yangu inafungiwa siku 60. Siku 60 na sijagonga hata kopo! Watoto wangu wale nini? Yeye kapondaponda barabara nzima, kapewa 30 za kuchagua mwenyewe.

Na leo kupitia wakili ametoa tamko la kuomba radhi, anasema amepitisha usiku mwingi bila usingizi akiwaza madhara aliyosababisha. Usingizi! Na wale uliowaacha ndani ya mabati, wao walikuwa wanakoroma? Ulishuka. Ukaondoka.

Kachumbari

Umemaliza mkuu? Nimehesabu "wakashuka wakaondoka" hadi nimechoka. Na mimi nashuka naondoka kwenye huu uzi.

Nesi Mwanaidi

Naunga mkono hoja, na Kachumbari kaa kimya. Nafanya kazi mapokezi ya dharura. Mtu aliyebanwa kwenye gari anaweza kuwa amelaza shingo vibaya, hewa haipiti, na dakika chache zinatosha kummaliza. Hahitaji daktari bingwa pale. Anahitaji mtu yeyote wa kupiga simu na kukandamiza kidonda kwa kitambaa. Ukiondoka umemnyima hicho. Kwangu hilo ni zito kuliko hata ile mbio.

Mzee wa Trela (Dallas)

Mungu akubariki dada Mwanaidi. Hilo ndilo nalisema. Mbio ni ujinga wa ujana, ila ule mwendo wa miguu baada ya ajali ulikuwa uamuzi. Walishuka wakiwa na akili zao timamu.

Jezi Nyekundu

Wivu tu. Kijana alikuwa na miaka 23, amekiri, ameomba radhi, na analipa zaidi ya dola 115,000 za matibabu ya waathirika. Mlitaka anyongwe? Msimu ukianza mtamshangilia kama kawaida. Wabeba box mna hasira na kila mwenye hela.

Mzee wa Trela (Dallas)

Box nabeba na najivunia. Nimebeba box miaka yote hii na sijawahi kumwacha mtu barabarani. Mshangilie wewe.

Mwalimu Fizikia

Naomba kuchangia kitaalamu. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya mgongano inaongezeka mara NNE, na umbali wa kusimama kwa breki nao hivyohivyo. Kwa hiyo wa maili 119 ukimlinganisha na wa maili 70, anabeba karibu mara tatu ya nguvu, ingawa kwa macho utaona kamzidi kidogo tu. Shirika la Afya Duniani linasema kila mwaka watu wapatao milioni 1.19 wanakufa barabarani, na kwa walio kati ya miaka 5 na 29 hakuna kinachoua zaidi ya hicho. Hao ni wanafunzi wangu.

Kachumbari

Mwalimu, kuna mtihani mwisho wa uzi?

Mtoto wa Mjini

Mzee wa Trela shukuru kwako hakufa mtu. Mnamkumbuka Henry Ruggs wa Las Vegas? Tarehe 2 Novemba 2021, maili 156, na kalewa. Binti wa miaka 23 akaungua ndani ya gari pamoja na mbwa wake. Huyo alihukumiwa miaka 3 hadi 10. Naye alikuwa mdaka mipira. Sijui hiyo namba wanalishwa nini.

Nyota ya Anfield

Jamani mnaongelea kasi na mimi bado sijakauka machozi ya Diogo Jota wetu wa Liverpool. Wiki mbili tu tangu afe kwenye ajali ya gari! Yeye na mdogo wake, siku chache baada ya harusi.

Jezi Nyekundu

Na yeye polisi wa Hispania wamesema dalili zinaonyesha mwendo ulizidi. Mbona hamumfungulii uzi wa matusi?

Nyota ya Anfield

Wewe nyamaza kabisa! Marehemu hakushindana na mtu, tairi lilipasuka akiwa anapita gari lingine. Usimfananishe na waliogonga familia za watu wakatembea. Heshimu msiba.

Kaptagat Mmoja

Poleni wa Anfield. Sisi hapa kwetu bado tunapita kando ya ile barabara ya Eldoret na kumkumbuka Kelvin Kiptum, mkimbiaji wetu wa marathoni aliyekufa kwa ajali ya gari. Februari 2024, miezi minne tu baada ya kukimbia Chicago kwa saa 2 na sekunde 35. Yeye na kocha wake Hakizimana, usiku mmoja. Kabla yake, 2018, ni Nicholas Bett, bingwa wa dunia wa kuruka viunzi, hapo Nandi. Barabara zetu zimetumalizia watu.

Nesi Mwanaidi

Inauma.

Msafiri wa Nakuru

Kaptagat umesema kweli, lakini hao ni wale wanaojulikana. Londiani, Juni 2023, lori liliacha barabara likaingia kwa watu waliokuwa wanasubiri matatu na akina mama wanaouza mboga. Zaidi ya 50 wakafa siku moja. Leo pita hapo uone matatu zinavyoteremka. Abiria ukisema "dere punguza" konda anakuuliza kama unataka kushuka. Nyinyi wa Tanzania angalau mna tochi za askari za kupimia mwendo.

Fundi wa Msata

Nani kakudanganya tochi inasaidia? Tochi ni mradi! Askari anajificha nyuma ya mwembe, hakuna mtoto, hakuna mbuzi, kijiji chenyewe nyumba tatu, kibao kinasema 50. Ukipita na 54 elfu 30 imekwenda. Juzi nimelipa mara mbili kabla sijafika Chalinze. Huyo wa Marekani kaenda na 190, mimi 54, na mwenye roho ya kutu ni mimi?

Jezi Nyekundu

Hahaha hapo umeongea Fundi. Tochi ni kero ya taifa.

Mzee wa Trela (Dallas)

Jamani turudi kwenye mada. Watu waliachwa ndani ya magari pale.

Binti Mikese

Fundi, hicho kijiji cha nyumba tatu ni kwetu. Nyumba haziko tatu, wewe unaona tatu kwa sababu unapita unaruka. Shule iko ng'ambo ya lami. Watoto wa darasa la kwanza wanavuka wenyewe asubuhi kukiwa na giza. Kabla ya hicho kibao tulikuwa tunazika. Elfu 30 ni ndogo, ingekuwa laki.

Fundi wa Msata

Dada pole, sikatai kibao kiwepo. Nakataa kibao cha KUMALIZA 50 kung'olewa. Unatoka kijijini, unaingia porini, kilomita nzima hujui kama umeruhusiwa, ukikanyaga kidogo tu askari huyo kwenye kona. Na mabasi yanapeana taa, sisi wa gari ndogo ndio tunaumia.

Binti Mikese

Vibao wanang'oa wauza vyuma chakavu, nenda kawadai wao. Na hayo mabasi kupeana taa ndiyo ugonjwa wenyewe. Wakishajua askari yuko wapi, sehemu nyingine yote wanatembea kama wamepewa kifo wakisambaze.

Mtoto wa Mjini

Na mashangingi ya serikali je? Hayo hayapigwi tochi milele. Yanapita Morogoro Road taa zimewaka mchana, wewe unakimbilia mtaroni na watoto wako.

Fundi wa Msata

UMEMALIZA. Hilo ndilo lilitakiwa kuwa kichwa cha uzi. Mwezi uliopita moja lilinipita Mdaula, kioo cha pembeni kimebaki kinaning'inia.

Msafiri wa Nakuru

Huku kwetu pia, na ving'ora juu.

Kachumbari

Nimerudi. Fundi, hicho kioo ni cha gari gani? Nina cha IST upande wa kushoto, hakina mkwaruzo, njoo faragha tuongee bei.

Fundi wa Msata

Ni IST kweli, ila ni upande wa kulia. Huna cha kulia?