Muuguzi mwenye sonona atibiwe kituoni kwake au nje?

Mwanazamu:
Wadau, tuanze na daftari. Muuguzi wa hospitali ya wilaya akitibiwa sonona hapo hapo anapofanya kazi, jina lake linaingia MTUHA (mfumo wa taarifa za afya), kitabu namba 5, na ugonjwa unaandikwa mstari huo huo. Kitabu kinalala wazi mezani OPD (kwa wagonjwa wa nje), na anayejumlisha takwimu mwisho wa mwezi ni mwenzake wa zamu. Msimamo wangu: atibiwe nje ya kituo, mwajiri alipe nauli.

Tabibu wa Bara:
Nje wapi, mkuu? Wilaya nyingi hospitali ya serikali ni hiyo moja, na si kila mtu anaishi Dodoma jirani na Mirembe, hospitali ya afya ya akili. Fluoksetini, dawa ya sonona, miligramu 20 huleta nafuu baada ya wiki 2 hadi 4, ilhali kichefuchefu na kukosa usingizi huja siku za mwanzo kabisa. Hapo ndipo watu huacha dawa, na hapo ndipo anahitaji kumwona mtaalamu, siyo kungoja ruhusa ya safari. Akishapata nafuu anaendelea nayo miezi 6 au zaidi. Halafu dawa ikiisha stoo, mgonjwa hupewa amitriptilini, dawa nyingine ya sonona, nayo ina usingizi mzito. Muuguzi wa usiku akiimeza jioni, saa nane usiku anavuta insulini kwenye sindano macho yamelegea. Daktari wa mbali haijui ratiba ya wodi.

Afisa Utumishi:
Daftari ni dogo, ED (karatasi ya daktari ya kupumzika kazi) ndiyo inayovujisha. Metroni anahitaji kujua siku ngapi na nani kasaini. Ugonjwa haumhusu, basi usiandikwe. Tena msimtoe mtu zamu ya usiku katikati ya mwezi kwa kumkata kwa kalamu nyekundu kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani. Wodi nzima itajua kabla ya chai. Ahamishwe ratiba mpya inapopangwa, pamoja na wengine wawili watatu.

Sista Mkunga:
Mnabishana mtu akishafika. Afikeje? PHQ-9, fomu ya kupima dalili za sonona, ina maswali 9, alama 0 hadi 27. Kuanzia 10 unamchunguza kwa kina. Fomu zikipitia kwa mkuu wa wodi, wote watajaza sifuri. Swali la 9 linauliza mawazo ya kujidhuru au kuona heri kufa, na Kanuni ya Adhabu yetu Tanzania inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Wazo si jaribio, sawa, lakini nani ataweka tiki hapo ampelekee bosi? Kenya, Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu chao cha 226, kilichofanya jaribio hilo kosa, Januari 2025. Mimi ningeanzia kwenye sheria hiyo.

Mwanazamu:
Sista, nimekuelewa. Tabibu, ya wiki za mwanzo nakubali: afuatiliwe kituoni, ila kwa namba na faili la kabati lenye kufuli, kama CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU. Bado dirisha la dawa. Cheti cha fluoksetini kinapita mikononi mwa mtu anayekunywa naye chai kila siku.

Tabibu wa Bara:
Kliniki iagize dawa kwa jumla kama wodi zinavyoagiza, vidonge 30 vihesabiwe humo chumbani. Kinachonishinda ni bima. Fomu ya madai inataka jina na ugonjwa, na anayeijaza ni mwenzetu wa hapo hapo.