Mama kashindwa kutaja wanyama, ni uzee tu au kuna tatizo?

Kijana_wa_Machame: Wakuu, wakubwa shikamooni. Mama ana miaka 74, nakaa naye Kimara. Hospitali wamemwambia ataje wanyama anaowajua kwa dakika moja. Kataja ng'ombe, mbuzi, kuku, ng'ombe tena, basi, macho juu ya dari. Na amefuga maisha yake yote! Wanataka arudi kwa vipimo zaidi. Ni uzee tu? Nahitaji jibu kabla ya Ijumaa.

Mama_Vicoba: Pole mwanangu. Bibi yangu aliniita jina la marehemu dada yake mpaka anazikwa, ila deni lako la kikoba alilijua mpaka senti. Mpe mlonge.

Dalali_Mkuu: Kuku naye ni mnyama? Mimi nimefeli na nina miaka 31.

Nesi_wa_Zamu: Kuchelewa kupata jina la kitu, uzeeni ni kawaida. Kushika kitu usijue kazi yake ni jambo jingine, na hilo wanaotafuta dalili za mapema za Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu, hulifuatilia. Ila kipimo hicho ni cha kuchuja tu. Kuna kinachoitwa IDEA, kilichotengenezwa wilayani Hai, Kilimanjaro, kwa wazee wasiosoma sana: maswali ya mdomo, na njiti za kiberiti badala ya kuchora. Apimwe pia tezi ya shingoni, vitamini B12, sonona na masikio. Aliulizwa kwa lugha gani? Nyumbani ukoje? Na Ijumaa kuna nini?

Kijana_wa_Machame: Kiswahili, wakati yeye ni Kichaga muda wote. Sikio moja halisikii. Wiki iliyopita alishika chujio la chai, akaligeuza geuza, akaniuliza hili la nini. Ya Ijumaa ni ya familia.

Nesi_wa_Zamu: Hilo chujio ulipaswa kuanza nalo. Daktari analijua?

Mzee_Kifimbo: Usikwepe, Ijumaa kuna nini?

Kijana_wa_Machame: Anasaini kunihamishia kiwanja. Wakili nimeshamlipa. Msinishambulie, mimi ndiye namuogesha, dada zangu Arusha wanatuma vocha tu. Akiandikwa mgonjwa wataweka pingamizi.

Mzee_Kifimbo: Sheria ya Mikataba inataka anayesaini awe na akili timamu. Sisi shamba la baba mdogo limetupeleka baraza la ardhi, mahakamani, na sasa kwenye misiba hatusalimiani. Mwite daktari kabla ya wakili, na hao dada wawepo.

Kijana_wa_Machame: Siku nyingine yuko vizuri kabisa. Ijumaa anaweza kuwa vizuri.

Bint_Mkorofi: Chai hii jamani. Februari huyu huyu alianzisha uzi anauliza bei ya jeneza la mama yake. Nendeni kwenye wasifu wake.

Mama_Vicoba: Nimeenda. Kweli! Na mimi nilimpa pole.

Kijana_wa_Machame: Yule alikuwa mama mkubwa. Kwetu mama mkubwa ni mama.

Bint_Mkorofi: Sawa. Sasa kiwanja ni cha mama yupi?

Dalali_Mkuu: Kina ukubwa gani? Kimepimwa? Nina mteja.