MREJESHO: yule dogo wa besiboli aliyetaka kurusha mpira kwa spidi zaidi

Wakuu habari zenu, mwezi wa kwanza niliuliza hapa niongezeje spidi maana nina miaka 16, napitch (yaani ndiye ninayemrushia mpigaji mpira) timu ya shule na nilikuwa nimekwama maili 68 kwa saa. Juzi koch kanipima na rada nimegonga 73!! Sio maajabu ila mimi nimefurahi sana aisee.

Kilichonisaidia zaidi ni ile ya mdau aliyesema spidi inaanzia miguuni. Nilidhani ni mkono tu, kumbe nilikuwa napiga hatua fupi na goti la mbele linalegea mpira unapotoka, yaani nguvu yote ya kiuno inapotelea hapo. Nikajirekodi na simu kutokea pembeni, loh, niliona aibu mwenyewe. Sasa hatua ni ndefu, goti linakaza, kiuno kinaanza kuzunguka ndio mabega yanafuata. Gym nimepiga skwati na dedilifti mara mbili kwa wiki, na kula, maana nilikuwa mwembamba balaa, nimeongeza kilo 5.

Mipira mizito ya mazoezi ya kurusha sikuigusa, kiwiko bado kinakua. Na kuna aliyenitajia Pitch Smart ya Marekani, mwongozo wa idadi ya mitupo kwa vijana, umri wangu mwisho mitupo 95 kwa siku na ukifika 76 unapumzika siku 4, nikaifuata japo koch alinuna kidogo.

Shida iliyobaki ni kontroo, mpira unaenda kasi lakini unakwenda unakotaka wenyewe 😂