Kutoka Kivu hadi ziwa la kaskazini mwa Kanada kwa boti ndogo ya tanga: ujuzi wetu unatosha?

Mwana wa Keshero (Goma)

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, anaishi Yellowknife kaskazini mwa Kanada, na mwaka huu amenialika tusafiri mwezi wa Julai kwa boti yake ya tanga yenye urefu wa mita saba kasoro. Tutakuwa wawili tu. Tutaanzia Yellowknife na kufuata mkono wa mashariki wa ziwa linaloitwa Great Slave hadi kijiji cha Łutsel K'e, umbali wa karibu kilomita 200 kwa mstari ulionyooka, kisha turudi. Tumejipa majuma mawili.

Mimi nilijifunza tanga katika ziwa Kivu, upande wa Bukavu, nilipokuwa mwanafunzi, na kwa miaka tisa sasa nimekuwa nikivuka mara kwa mara kwenda kisiwa cha Idjwi. Upepo wa kiangazi unaotoka kusini na kuinua mawimbi tangu asubuhi naufahamu, na kupiga bisho, yaani kwenda kwa kupindapinda dhidi ya upepo, kwa saa nzima kunanichosha lakini hakunishindi. Nimepinduka mara mbili, na mara zote mbili niliogelea, nikaiinua boti, nikaendelea na safari nikiwa nimelowa tu.

Nimesoma kwamba ziwa lile lina zaidi ya kilomita za mraba 27,000, yaani karibu mara kumi ya Kivu yetu, na kwamba kina chake kinafika mita 614, wakati Kivu inaishia mita 485. Ukubwa peke yake haunitishi, kwa kuwa tutatembea kandokando ya visiwa. Ninachotaka kujua kutoka kwa mtu aliyefika huko ni hiki: ni jambo gani ambalo mtu wa Kivu hulichukulia kuwa la kawaida, na huko linaweza kumuua?

Binti Nguba (Yellowknife)

Mdogo wangu, nimezaliwa Nguba, Bukavu, na huu ni mwaka wa saba nikiishi Yellowknife, ambako mimi na mume wangu tunayo boti inayokaribiana na ya shemeji yako. Nitakujibu bila kuzunguka: ni kule kuogelea kwako. Habari ya kupinduka, kuogelea na kuendelea na safari uiache Goma.

Ziwa hili hufunikwa na barafu tangu mwisho wa mwaka hadi mwezi wa Juni, na katika mkono wa mashariki barafu inaweza kuchelewa kuisha zaidi ya hapo. Juu ya Kivu maji yana nyuzi kama 24 mwaka mzima. Hapa, ukiacha ghuba zenye kina kifupi ambazo jua huzipasha, maji yanaweza kuwa na nyuzi nne au tano katika mwezi ule ule ambao watu mjini wanavaa mashati ya mikono mifupi. Wanaofundisha usalama wa majini huku Kanada wana hesabu ya 1, 10 na 1: ukianguka una dakika 1 ya kuituliza pumzi, ambayo hukurupuka yenyewe na inaweza kukufanya uvute maji, una dakika 10 ambazo mikono na miguu bado inakutii, na una saa 1 hivi kabla baridi haijakupotezea fahamu. Asiyevaa jaketi la kuokolea anaweza kufa maji mapema, hata kabla baridi yenyewe haijamfikia moyoni.

Nikueleze jambo lililonipata. Mwaka wangu wa kwanza kamba ya nanga ilinasa kwenye usukani tukiwa ndani ya ghuba tulivu. Nililala kifudifudi nyuma ya boti, nikazamisha mkono hadi kwenye kiwiko, nikaanza kufungua fundo ambalo Bukavu ningelifungua huku nikizungumza. Mwanzoni vidole viliuma kama vimebanwa na mlango. Kisha maumivu yakaisha, na hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu nilikuwa nikiviona vidole vyangu juu ya kamba, katika maji maangavu kabisa, lakini sikujua tena kama vinaivuta au la. Nilipoutoa mkono ulikuwa mwekundu, na sikuweza kushika hata kikombe. Mume wangu aliikata kamba kwa kisu. Dakika tano hazikuwa zimepita.

Kwa hiyo pangeni kila kitu ili mtu asitoke ndani ya boti. Kila mmoja avae jaketi lake tangu mnapoondoka gatini, asiliweke kando akisema atalivaa upepo ukizidi. Anayekwenda mbele kwenye mlingoti ajifunge kwa mkanda na kamba. Na ngazi ya kupandia iwe ya aina ambayo mtu aliye majini anaweza kuishusha mwenyewe. Muulize shemeji yako kuhusu ngazi hiyo kabla hamjazungumza habari ya chakula.

Sehemu itakayowasumbua zaidi ni ya mwanzo. Mkitoka kwenye ghuba ya Yellowknife na kuelekea mashariki hadi rasi ya Gros Cap, upande wenu wa kulia ni ziwa wazi, na upepo wa kusini-magharibi unapata nafasi kubwa mno ya kulisukuma wimbi kabla halijawafikia. Upande huo wa magharibi maji hayana kina kikubwa, na ndiyo maana wimbi lake ni fupi na limesimama, linaipiga boti kabla haijainuka kutoka kwenye lililotangulia. Mkishaingia mlango wa Hearne visiwa vinawakinga na kina kinaongezeka, ingawa hapo linaanza suala la miamba. Mwamba wa upande huu wa nchi ni mkongwe na umesuguliwa na barafu za kale: mara umezama mita nyingi, mara umeinuka hadi karibu na uso wa maji, na ramani za majini zina maeneo ambayo hayajapimwa vizuri. Mmoja wenu asimame mbele akitazama rangi ya maji. Kumbuka pia kwamba hapa sindano ya dira hupotoka kwa zaidi ya nyuzi 10 kuelekea mashariki, tofauti ambayo Goma hukuhitaji kuihesabu.

Majuma mawili yanatosha ikiwa mtakubali kwamba siku nne au tano kati yake mtakaa nyuma ya kisiwa mkisubiri. Mimi ningempa shemeji yako ushauri wa kutopanga tarehe ya kurudi kazini kesho yake.

Nahodha wa Himbi (Goma)

Kijana wangu, mimi Kanada sijafika, lakini nimeendesha vyombo kati ya Goma na Idjwi kwa zaidi ya miaka ishirini, na nimesoma maelezo ya dada yetu mara mbili. Naomba niongeze jambo moja ambalo sisi wa Kivu hatulioni kwa sababu tumelizoea.

Kivu ina macho. Ukivunjikiwa usukani mchana, kuna mama anayefua ufukweni Idjwi anayekuona, na kuna watoto watakaokimbia kumwita mwenye mtumbwi. Ukivunjikiwa usiku, taa za wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo, zimekuzunguka pande zote, ile mitumbwi mitatu mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, na sauti yako itafika kwa mtu fulani kabla haijakauka. Sisi hubeba vifaa pungufu kwa kutegemea macho hayo, ingawa macho nayo hayatoshi. Tarehe 3 Oktoba 2024 chombo kilichotoka Minova kikiwa kimepakia kupita kiasi kilipinduka karibu kabisa na bandari ya Kituku hapa Goma, mbele ya watu waliokuwa wamesimama ufukweni wakiwasubiri ndugu zao, katika maji yetu haya ya uvuguvugu, na bado tulizika makumi ya watu. Nilikuwa ufukweni siku iliyofuata. Sitaandika zaidi ya hapo.

Sasa fikiria ziwa ambalo unaweza kusafiri siku tatu bila kuona moshi wa jiko. Msaada wenu wote mtakuwa mmeubeba wenyewe. Beba kipande cha ubao na misumari ya kutengenezea usukani, nanga mbili, kamba mara mbili ya unavyodhani, sindano na uzi wa tanga. Redio ya kawaida ya boti haipiti miamba na visiwa, kwa hiyo pateni kile chombo kidogo cha kutuma ujumbe kwa setilaiti, na dada yako aliyebaki nyumbani ajue ni saa ngapi ataanza kuwa na wasiwasi na atampigia nani.

Kuhusu tanga, nakusihi: lipunguze mapema, wakati upepo bado unakupendeza. Ukisubiri hadi boti ilale upande, utakuwa unafanya kazi hiyo kwa mikono ya baridi ambayo dada yetu ameieleza.

Mwana wa Keshero (Goma)

Mzee wangu, na wewe Yaya, dada yangu, nawashukuru sana. Nimesoma yote kwa sauti mbele ya mke wangu, ambaye sasa ndiye mwenye maswali. Anauliza usiku tutalala wapi, kwa kuwa hapa kwetu kabla ya kulala ufukweni mtu huuliza kwanza kama bonde hilo lina mazuku, ile hewa ya sumu inayotoka ardhini. Mimi nauliza tuingieje Łutsel K'e, ili tusionekane watu wasio na adabu.

Binti Nguba (Yellowknife)

Mwambie mke wako kwamba mazuku hakuna, ila dubu wapo, kwa hiyo laleni ndani ya boti, na chakula msikiache ufukweni hata kwa saa moja. Usiku wenyewe utakushangaza: mwanzoni mwa Julai jua huzama karibu saa tano na nusu za usiku na kuchomoza kabla ya saa kumi alfajiri, na katikati hapo anga haliingii giza kamili. Hilo ni msaada mkubwa, kwa sababu upepo ukilala usiku mnaweza kusafiri, lakini ni hatari pia, maana mwili haujui wakati wa kupumzika. Wekeni saa ya kulala na muifuate. Maji ya kunywa msiyachote karibu na mgodi wa zamani wa dhahabu ulio pembeni mwa mji, ambao uliacha sumu nyingi ya aseniki. Na moto wa misitu ukiwaka, moshi unaweza kuficha kisiwa kilicho kilomita mbili mbele yenu. Agosti 2023 mji wetu mzima uliamriwa kuhama kwa sababu ya moto huo. Nilipokuwa nikifunga mizigo nilikumbuka jinsi watu wa Goma walivyotembea kwa miguu kwenda mji wa Sake mwaka 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka.

Łutsel K'e ni kijiji cha Wadene, wenyeji wa asili wa huku, watu kama mia tatu, na eneo linalokizunguka linahifadhiwa tangu 2019 kwa jina la Thaidene Nëné, maana yake Nchi ya Wahenga, ambalo wao wenyewe hushiriki kulisimamia. Jiandikisheni kabla ya kuingia. Mkifika, nendeni kwanza mkasalimie wazee, kama ambavyo ungefanya ukishuka kijiji usichokijua Idjwi. Utawaona wakitia tumbaku kidogo majini kabla ya kuvuka sehemu pana. Walinifundisha nami nikafanya, kwa heshima. Nunua pakiti moja Yellowknife.

Mwana wa Keshero (Goma)

Nimempigia shemeji jioni hii. Ngazi ya boti yake inashushwa na mtu aliye ndani tu, naye hakuwahi kulifikiria hilo. Ataagiza nyingine wiki hii. Jumamosi nitashuka ufukweni hapa Keshero nikiwa nimevaa suruali nzito, sweta mbili na jaketi, nijaribu kupanda kwenye boti ya rafiki yangu kwa mkono mmoja, nikiwa nimeukunja ule mwingine kama ngumi.